Hercules C-130: tathmini ya mhandisi wa kiti cha katikati

Ndege ya kijeshi ya mizigo kwa kawaida huhukumiwa na watu wa aina mbili, rubani anayeirusha na afisa wa ugavi anayehesabu tani zilizofika. Mimi si mmoja wao. Kwa miaka mingi nilikuwa mhandisi wa ndege, yaani yule mtu anayekaa nyuma kidogo ya marubani, katikati yao, swichi za darini zikiwa karibu kumgusa kichwa. Na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa injini na propela, nikiiangalia ndege hiyohiyo kutoka chini, tochi mkononi. Tathmini hii ya Lockheed C-130 Hercules naiandika kwa macho hayo mawili. Nimeichanganya na mambo tunayobishania kila tunapokutana, sisi wastaafu wachache tulioihudumia, kwa sababu mazungumzo yetu huanza na safari za hatari, yakaishia kila mara kwenye swali moja: ndege hii ilikubali kutengenezwa kwa urahisi kiasi gani ilipoharibikia mahali pasipo na karakana?

Hercules ni matokeo ya yale ambayo Jeshi la Anga la Marekani lilijifunza katika vita vya Korea, pale lilipoona kwamba ndege zake za mizigo zenye injini za pistoni hazibebi vya kutosha wala haziwezi viwanja vibovu. Mwaka 1951 likatangaza mahitaji yake, Lockheed ikapewa kazi, na ndege ya majaribio ikaruka kwa mara ya kwanza kutoka Burbank, California, tarehe 23 Agosti 1954. Ndani ya kampuni yenyewe, msanifu maarufu Kelly Johnson hakuupenda kabisa mchoro wa Willis Hawkins na wenzake, akaonya kwamba utaiangamiza Lockheed. Nadhani kilichomkera ni sura, na kwa upande wa sura hakukosea: ni ndege yenye tumbo kubwa, pua butu, na magurudumu yaliyofichwa kwenye mashavu ya ubavuni. Ilianza kutumika Desemba 1956, kiwanda cha Marietta, Georgia, kimeshatoa zaidi ya 2,500, na hadi leo bado kinaziunda.

Nianze na tumbo hilo, kwa kuwa ndilo sababu ya ndege yote kuwepo. Chumba cha shehena cha modeli za kawaida kina urefu wa mita 12 na ushei, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Sakafu yake iko karibu mita 1 tu kutoka ardhini, sawa na kitanda cha lori, hivyo lori likirudi kinyumenyume hadi kwenye mlango wa nyuma mzigo husukumwa moja kwa moja bila kuinuliwa. Mlango wenyewe ni vipande viwili: cha juu huingia ndani kuelekea darini, na cha chini hulala kikawa rampu, ama hadi ardhini kwa ajili ya magari, ama usawa wa sakafu kwa ajili ya paleti na kwa kudondosha mizigo angani. Chumba hicho hubeba askari 92, au askari wa miavuli 64, au machela 74 za majeruhi, na kubadilisha matumizi kutoka moja kwenda jingine ni kazi ya kukunja viti vya turubai, kugeuza rola za sakafuni na kupanga minyororo. Msimamizi wetu wa shehena, mtu mfupi mwenye sauti ya kutosha kushinda injini nne, alikuwa akisema kwamba marubani ni madereva wake tu. Kwa ndege hii alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Ubora wa mpangilio huu unaonekana vizuri ukiulinganisha na ndege ya Kisovieti ya Antonov An-12, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1957 na ambayo kwa mbali mtu anaweza kuidhania ni ndugu yake. An-12 ni ndege ngumu, imetumika katika nchi nyingi, lakini chumba chake kikubwa cha shehena hakishindiliwi hewa ya kupumua vizuri ndege ikiwa juu, na milango yake ya nyuma hukunjika kwenda ndani bila kuwa rampu, kwa hiyo kupakia gari kunahitaji rampu ya pembeni. Katika Hercules, majeruhi aliyelala kwenye machela huvuta hewa ileile anayovuta rubani. Jambo hilo halizungumzwi sana, lakini waliowahi kusafirisha wagonjwa hulitaja kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nifike kwenye injini na propela, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndipo maisha yangu yalipopita. Injini nne za Allison T56 hazifanyi kazi kama watu wengi wanavyodhani. Rubani anaposukuma mbele wenzo wa nguvu, injini haiongezi mizunguko. Angani huzunguka kwa kasi moja tu, mara 13,820 kwa dakika, na giaboksi huipunguza hadi propela izunguke mara 1,020. Kinachobadilika ni mafuta yanayochomwa na pembe ya mapanga ya propela, ambayo hugeuka ili kuuma hewa zaidi au kidogo. Matokeo yake ni kwamba nguvu huja papo hapo, hakuna kusubiri injini ipande, na upepo wa propela unaopita juu ya bawa huliongezea bawa uwezo wa kuinua palepale. Ndiyo maana ndege hii hutua kwenye njia fupi ya udongo ikiwa nzito, rubani akageuza mapanga yasukume hewa mbele ili kuivuta breki, ikasimama katika umbali unaowashangaza abiria wapya, na baadaye ikarudi kinyumenyume yenyewe hadi pa kugeuzia. Mwaka 1963 Luteni James Flatley wa Jeshi la Majini la Marekani aliitua na kuisimamisha mara 21 juu ya meli ya kubebea ndege Forrestal, bila ndoana ya kunasia, kisha akaruka kutoka sitahani humo bila manati. Haikuwahi kuwa kazi ya kawaida, lakini inatosha kuonyesha kile ambacho mapanga yanayogeuka yanaweza kufanya.

Gharama ya uwezo huo ni uvujaji. Propela ya Hamilton Standard yenye mapanga manne, iliyofungwa kwenye modeli za B hadi H (herufi hizi ni za matoleo yaliyofuatana), ina mafuta yake yenyewe mekundu, pampu zake na vali zake, vyote vikizunguka au kukaa jirani na vinavyozunguka, na kila kiungo kinalindwa na sili ya mpira ambayo siku moja itachoka. Fundi wa Hercules hujifunza kusoma michirizi kabla ya kujifunza kusoma kitabu cha matengenezo. Mstari mwekundu unaokimbia juu ya panga kutoka shinani kwenda nchani unaeleza kwamba sili ya panga lile imekwisha, na hapo propela itashushwa. Mafuta yaliyolowesha kifuniko cha injini nyuma ya propela ni habari nyingine, huenda ni ya kufungua kidogo na kubadilisha sili ukiwa juu ya ngazi. Vijana waliokuja kikosini walikuwa wakiogopa kila tone, na mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na jibu moja kwao: «Mwanangu, siku ukiikuta haivuji, angalia kwanza kama ina mafuta.»

Nitoe mfano mmoja, na kosa lilikuwa langu. Tulikuwa saa ya pili ya safari, shehena kamili, wakati taa ya kuonya kwamba mafuta ya propela yamepungua ilipowaka kwa injini namba tatu. Utaratibu ulikuwa wazi: mizunguko ikiyumba, injini inazimwa na mapanga yanageuzwa yakate upepo; isipoyumba, unaendelea na safari huku ukiichunga. Haikuyumba. Kwa dakika zaidi ya arobaini nilikodolea macho mshale mmoja mdogo, sikunywa wala sikusema na mtu, na rubani naye kwa hekima yake hakuniuliza kitu. Tulipotua kwenye uwanja usio na ngazi wala kreni, tuliomba lori moja lirudi hadi chini ya injini, tukapanga masanduku matupu kitandani mwake, nikapanda. Sili ya kifuniko, ambayo nilikuwa nimeibadilisha mwenyewe siku mbili kabla, ilikuwa imebanwa ukingoni ikakatika kwa upana wa ukucha. Nilikuwa nimeiweka gizani, kwa haraka, bila kupitisha kidole kuzunguka mfereji wake. Tuliibadilisha kwa spana zilizokuwamo ndegeni, tukajaza mafuta, tukawasha injini na kuangalia, na alfajiri tukaondoka. Nasimulia haya kwa sababu ndiyo tathmini yenyewe: ndege ilivumilia kosa la fundi, ikatoa taarifa mapema, ikafika, na ikakubali kutengenezwa juu ya lori.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya masanduku yetu. Desemba 1971 Hercules moja ya Jeshi la Majini la Marekani yenye skii za kutelezea thelujini, namba 321, ilianguka wakati wa kuruka katika Antaktika ya mashariki, baada ya chupa moja ya roketi za kusaidia kuruka kuchomoka na kuharibu injini. Iliachwa, theluji ikaizika, na baada ya miaka kama 15 ikafukuliwa, ikatengenezwa papo hapo kwenye barafu, na Januari 1988 ikaruka yenyewe hadi kituo cha McMurdo. Wenzangu wakiitaja hadithi hii huishia hapo kwa fahari, lakini mimi huongeza sehemu ya pili: mwezi mmoja kabla, Hercules nyingine iliyokuwa ikipeleka vifaa vya kazi hiyo ilianguka na watu wawili wakafa. Ndege inayotengenezeka huwashawishi watu kuitengeneza hata pale ambapo pengine ingefaa kuachwa.

Chumba cha marubani cha modeli za E na H ni mahali pa watu wanne: marubani wawili, mwongoza njia mwenye meza yake ubavuni, na mhandisi katikati, huku msimamizi wa shehena akiwa chini. Madirisha ni mengi, hata miguuni, kwa hiyo rubani huona ardhi anayoiendea. Nyuma kuna vitanda viwili vya kulala kwa zamu na jiko dogo la kupasha. Kiti changu kilikuwa na mandhari nzuri kuliko vyote, na kazi yake haikuwa kuangalia mandhari. Mbele yangu kulikuwa na safu za geji, nne kwa kila kipimo, na ufundi haukuwa katika kusoma namba bali katika kuona mshale mmoja usioelekea kule wenzake wanakoelekea. Juu kulikuwa na paneli ya mafuta, umeme na hewa ya injini, kila swichi mahali ambapo mkono unaifikia gizani. Sijawahi kukaa kwenye chombo kilichopangwa kwa kufuata mikono ya mtu kiasi hicho.

Kelele, hata hivyo, haisameheki. Mapanga manne mara mizunguko 17 kwa sekunde ni mapigo 68 kila sekunde, na mapigo hayo hayaingii sikioni tu, yanaingia mifupani. Pabaya zaidi ni sehemu ya mbele ya chumba cha shehena, usawa wa propela, pale ambapo nje kumechorwa mstari mwekundu wa kuonya watu wasisogee. Kuna kifaa cha kuziweka propela zote nne katika hatua moja, na kikiwa kizima mngurumo hutulia ukawa kama wimbo wa sauti moja. Kikianza kuchoka, sauti huvimba na kunywea, huvimba na kunywea, saa sita mfululizo. Niliweza kulitambua tatizo hilo nikiwa usingizini. Leo nyumbani huwezi kuniita ukiwa chumba cha pili, na wenzangu tukikaa mezani tunapigiana kelele kama watu wanaogombana. Mwenye kununua ndege hizi anunue na vizibo vya masikio vya kweli, avilazimishe. Kuhusu choo nitasema tu kwamba kwenye modeli niliyoijua kilikuwa ndoo yenye pazia karibu na mlango wa nyuma, na kanuni isiyoandikwa ilisema kwamba anayeitumia kwanza ndiye anayeisafisha. Kwa sababu hiyo, safari za saa kumi zilipita bila mtu kuinuka.

Uzee wa ndege hii una tabia zake. Injini hubadilishwa, vyombo hubadilishwa, lakini sanduku la katikati ya bawa, linalobeba mzigo wote, huchoka kwa kila safari ya chini yenye misukosuko, na kutu huanzia mahali pasipoonekana, chini ya sakafu na kwenye mashina ya mapanga. New Zealand ilikuwa ya kwanza kuipokea C-130H, mwaka 1965, na ikazirusha ndege zake hadi mwanzoni mwa 2025, jambo lililowezekana kwa kukarabati mabawa na kubadilisha nyaya na vyombo. Upande wa pili wa hesabu ni ajali ya Julai 2017 huko Mississippi, ambapo KC-130T, yaani Hercules ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, ya Wanamaji wa Marekani ilisambaratika angani na watu wote 16 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba panga moja la propela lilikuwa na kutu iliyozaa ufa, kutu ambayo haikuondolewa wakati wa matengenezo makubwa miaka kadhaa kabla. Niliposoma hayo nilikumbuka sili yangu. Tofauti ni kwamba sili inavuja, na kutu haivuji. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anunue Hercules ya H iliyotumika, namwambia aache kuangalia saa za injini na aulize kwanza historia ya mapanga na ya sanduku la bawa, ukurasa kwa ukurasa. Kama kurasa hazipo, aondoke. Baadhi ya ndege za H sasa zimefungwa propela mpya zenye mapanga manane, na waliozihudumia wanasema mtetemo umepungua sana na panga moja hubadilishwa bila kushusha propela nzima. Ningekuwa bado kazini ningezipigania.

Ipo pia C-130J, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 1996, na haki inanitaka niisifu. Ina injini za Rolls-Royce AE 2100, propela za Dowty zenye mapanga sita yaliyopinda, na husafiri kwa kilomita 670 hivi kwa saa ilhali H huenda karibu 590. Hupanda juu haraka, hutumia mafuta machache kwa safari ileile, na modeli ndefu hubeba paleti 8 badala ya 6. Marubani wawili na msimamizi mmoja wa shehena wanaitosha. Kompyuta imechukua nafasi ya mwongoza njia na ya mhandisi. Ikipata hitilafu huieleza kwa maandishi, na fundi huchomeka kompyuta yake akasoma. Kwa nchi inayonunua leo na yenye fedha, sioni sababu ya kutafuta nyingine, isipokuwa kama mizigo yake inazidi tani 19, ambapo Airbus A400M yenye uwezo wa hadi tani 37 ndiyo ya kuangaliwa. Kinachonipa shaka ni kwamba utegemezi umehama: zamani tulitegemea spana na mtu anayejua, sasa tunategemea programu, leseni na kisanduku cha akiba ambacho hakiwezi kufunguliwa uwanjani. Kisanduku kikifa mbali, lori na masanduku matupu havisaidii.

Mwenzangu mmoja, rubani, husema ninaionea J kwa sababu ilinifukuza kazi. Huenda. Mwaka jana kikosi kimoja kilituruhusu wastaafu kupanda moja iliyoegeshwa. Kiti cha tatu bado kipo, nyuma kidogo, katikati. Nilikaa. Mkono wangu wa kulia ulipanda wenyewe kuelekea darini, mahali palipokuwa na swichi za pampu za mafuta, ukabaki hewani. Kijana aliyekuwa akitutembeza alitabasamu kwa adabu, akasema, «Mzee, hapo siku hizi tunaweka begi.» Tulishuka, tukapita chini ya bawa kwenye kivuli, na chini ya injini namba tatu nikaona wamesukuma sinia la bati, safi, lililofutwa vizuri, na katikati yake duara la mafuta lenye ukubwa wa sarafu. Nilimgusa mwenzangu bega, nikamwonyesha. Kijana alianza kueleza kwamba ni kiasi kilichoruhusiwa na kitabu. Tulimwambia asijisumbue, tunajua.